Mtoro wa Dawa

Sisi waalimu tunalo neno moja tulitumialo kila juma bila kulifikiri sana, nalo ni neno "mtoro". Asubuhi twaita majina; mtoto asipoitika twatia alama katika daftari la mahudhurio, na alama zikiisha kuwa nyingi mtoto hupewa jina hilo, nalo humfuata mpaka mbele ya Mwalimu Mkuu. Zamani za utumwa huko pwani, mtoro alikuwa ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Utumwa umekwisha, walakini neno lingali limebeba hukumu yake ya kale: aitwaye mtoro ni mtu aliyekuwa na wajibu, akaujua, akaukimbia kwa miguu yake mwenyewe.

Neno hilo hilo limehamia zahanati. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyeanza dawa akaziacha kabla ya kutimia siku zake, watu humwita mtoro wa dawa. Leo twataka kuwauliza wasomaji wetu kama jina hilo ni la haki. Jambo lenyewe lilitujia kwa aibu yetu wenyewe, basi tutaanza kwa kulisimulia.

Miaka michache iliyopita palikuwa na kijana wa darasa la sita hapa kwetu Namasakata, mpole, mwenye mwandiko mzuri, hodari wa hesabu za sehemu. Mwezi wa Februari alianza kukosa shule. Kwanza Jumatatu moja, kisha siku mbili, kisha juma zima. Tulimwonya, asijibu neno. Tukampa adhabu ya kufyeka majani, akafyeka bila kunung'unika, na kesho yake hakuja. Tukaandika: mtoro. Hatimaye tulikwenda kwao, wala hatukwenda kwa huruma. Tulikwenda kwa hasira, tukitaka baba yake atuambie kwa nini hamhimizi mwanawe.

Tulimkuta baba amelala juu ya mkeka nyuma ya nyumba, uso ameuelekeza ukutani. Jua lilikwisha panda, na uji wa asubuhi ulikuwa umefanya utando juu, haukuguswa. Kijana aliketi karibu akimenya mihogo. Mama wa nyumba alikuwa amekwenda kwa ndugu zake pamoja na watoto wadogo, kwa kuwa watu walimtisha juu ya ugonjwa ule. Kando ya mkeka palikuwa na sahani moja ya bati na kikombe kimoja, vyote viwili vimetiwa alama ya rangi nyekundu ili visichanganyike na vyombo vya wengine.

Baada ya salamu tulimwuliza habari za dawa, maana kijiji kizima kilijua ya kuwa alizianza mwezi wa Desemba, na ya kuwa sasa hazimezi. Kabla hajajibu tukaanza kumfundisha. Tulimweleza faida ya dawa na hatari ya kuziacha, kama mtu asomaye ubaoni. Alitusikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema bila kugeuka: "Mwalimu, namna ya kuzimeza naijua. Ninachokosa ni cha kunifanya nizimeze."

Hatukuwa na jibu, tukaaga. Njiani ndipo tulipotambua kwamba nyumba ile moja ilikuwa na watoro wawili, mmoja katika daftari letu na mmoja katika daftari la zahanati, na kwamba kati yao hakuna hata mmoja aliyekimbilia mahali popote.

Yafaa tukumbuke kwanza ugonjwa wenyewe ni nini. Kifua kikuu huletwa na kijidudu ambacho Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Kijidudu hicho husafiri hewani, mgonjwa akohoapo, au apigapo chafya, au aimbapo. Hakipiti katika sahani, wala kikombe, wala mkono wa salamu. Kwa hiyo ile rangi nyekundu iliyotiwa chini ya kikombe haikumkinga mtu yeyote. Kwa muda mrefu hapakuwa na dawa. Hospitali ya Kibong'oto, huko upande wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926, na katika siku zile mgonjwa wa kifua hakuwa na tiba illa hewa safi, mapumziko na chakula. Streptomaisini ikavumbuliwa mwaka 1943, isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952, na rifampisini ikafuata baadaye. Leo mgonjwa wa kawaida humeza vidonge kwa miezi sita: miezi miwili ya kwanza dawa za namna nne zilizounganishwa pamoja, na miezi minne iliyobaki za namna mbili. Akizimeza sawasawa, kwa kawaida baada ya majuma machache hatari yake kwa jirani hupungua sana. Tena dawa hizo hutolewa bure.

Nchi yetu ina sifa katika jambo hili, na wengi wetu hatuijui. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na daktari Karel Styblo alikuwa mshauri wake mkubwa. Njia iliyofuatwa hapa Tanzania ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani liliichukua katika miaka ya 1990 kuwa mfano kwa mataifa mengine. Moyo wa njia hiyo ni kwamba mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mtu mwingine. Zamani macho hayo yalikuwa ya zahanati tu. Tangu mwaka 2006 wagonjwa walianza kupewa nafasi ya kuchagua kumezea nyumbani, mbele ya msaidizi wanayemtaka wenyewe, aliye ndugu au rafiki.

Twausifu mpango huu. Walakini macho huona kidonge kikiingia kinywani, wala hayaoni kilichokwisha ingia moyoni kabla ya kidonge. Yule baba alikuwa na msaidizi, ndugu yake wa tumbo moja. Ndugu yule alifika kila asubuhi muda wa miezi miwili, akasimama mlangoni, akauliza, "Umemeza?" akajibiwa, "Nimemeza," akaenda zake shambani. Alitimiza alilofundishwa. Hata siku jibu lilipokuwa la uongo, sauti ilikuwa ile ile.

Watu wa kwetu husema juu ya mtu wa namna hii, "Ana mawazo." Wataalamu wa leo wameupa ugonjwa huu jina la sonona, neno litokalo katika kusononeka. Si huzuni ya kawaida. Mwenye msiba hulia, akapokea mkono wa rambirambi, akala kidogo, na baada ya siku kadha wa kadha akaanza tena kucheka na wajukuu. Mwenye sonona hukosa hata machozi. Majuma hupita na kila kilichokuwa kitamu kimekuwa majani makavu kinywani. Usingizi humkimbia alfajiri, nguvu humwisha kabla ya kusimama, hujiona kuwa mzigo kwa watu wake, na wengine hufika hata kutamani kufa. Shida kubwa ni kwamba kifua kikuu nacho huleta kukonda, kukosa hamu ya chakula, uchovu, na usiku wa jasho usio na usingizi. Basi maradhi mawili huvaa nguo moja, na mganga aliyeliona la kwanza huweza asilitafute la pili.

Wala si jambo la watu wachache. Watafiti waliokusanya hesabu kutoka nchi mbalimbali, na taarifa yao ikatolewa mwaka 2020, waliona kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kifua kikuu waliochunguzwa walikuwa na dalili za sonona. Huko Ethiopia na Peru imeonekana kwamba wenye sonona huwa na mwisho mbaya zaidi wa matibabu kuliko wenzao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na watu milioni 1.25 walikufa kwacho. Na Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa. Msomaji na apige hesabu mwenyewe.

Sababu zake ni nyingi, na nyingine hazihitaji daktari kuzieleza. Katika mkoa wetu wa Ruvuma mvua huanza mwishoni mwa mwaka, nazo hukoma karibu na Aprili. Mwenye kuanza dawa mwezi wa Desemba hulala wakati wa kupanda, hukohoa wakati wa palizi, na hupona wakati wa kuvuna, naye hana cha kuvuna. Dawa zikianza kufanya kazi hamu ya chakula humrudia kwa nguvu, na chakula hakipo. Mkojo na hata machozi hugeuka rangi ya chungwa kwa ajili ya rifampisini, na kama hakuambiwa mapema, hudhani anaoza ndani. Juu ya hayo yote kuna mnong'ono: wengine wasema amelogwa, wengine wasema ni UKIMWI anaouficha, na wale walioshika jembe pamoja naye mwaka jana leo humsalimu kutoka mbali, upande wa pili wa njia.

Tena mwili wenyewe umo katika shauri hili, na hapa kuna habari ambayo twadhani itawashangaza wengi. Mwaka 1952, katika hospitali moja ya kisiwa cha Staten, mjini New York, madaktari walijaribu dawa mpya za kifua kikuu, mojawapo ikiitwa iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wamelala miezi mingi wakingoja kufa walianza kula, kuchangamka na kucheza ngoma katika vijia vya wodi. Uchangamfu ule ulizidi nafuu ya mapafu. Madaktari wakaanza kuuliza, na kufika mwaka 1957 dawa ile ilikuwa ikitumiwa kutibu huzuni ya watu wasiokuwa na kifua kikuu kabisa. Ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za sonona duniani. Baadaye iliachwa kwa sababu iliumiza ini. Kinyume chake, saikloserini, dawa iliyotumiwa miaka mingi kwa kifua kikuu sugu, imejulikana kwamba kwa watu wengine huleta sonona na hata kuvuruga akili. Basi kama kidonge kimoja chaweza kumwinua mtu na kingine kumzamisha, hatuwezi tena kusema kwamba uzito ule ni tabia mbaya tu.

Sasa twafikia swali letu. Mtu hulaumiwa kwa kutofanya neno analoweza kulifanya. Mwenye mguu uliovunjika hatumlaumu kwa kutokwenda shambani, maana kilichovunjika ndicho ambacho angekwenda nacho. Lakini dawa humezwa kwa nia kabla ya kumezwa kwa koo. Je, yafaa kumlaumu mtu kwa kukosa nia, ikiwa kilichougua ni nia yenyewe?

Twajua jibu ambalo waalimu wenzetu watalitoa mara moja, kwa kuwa sisi wenyewe tulilitoa njiani siku ile. Watasema, Mkifungua mlango huu hakuna atakayelaumiwa tena. Kila mvivu atasema nia yake ni mgonjwa. Hoja hii ina nguvu, na asiyeiogopa hajafundisha darasa la sita. Walakini tumeitafakari, nasi twaona kuna alama ya kuwatenga. Mtoto mvivu huacha hesabu akaenda kuvua samaki. Mtu mvivu huacha jembe akaenda baoni. Mwenye sonona huacha jembe na bao pia. Yule baba alikuwa bingwa wa bao katika kitongoji chake, na tangu Januari hakuna aliyemwona akishika kete. Mtu akikimbia taabu na kuifuata raha, hapo twaweza kusema juu ya utoro. Lakini mtu aliyeachwa na raha yake mwenyewe, amemkimbia nani?

Wako pia wasemao kwamba ni upungufu wa imani. Kwao twataka kukumbusha habari ya nabii Eliya, aliyekwenda jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Haisimuliwi kwamba alikaripiwa. Aliachwa alale, akaamshwa, akapewa mkate na maji, akaachwa alale tena, akapewa mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye. Na rafiki zake Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini kimya. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa. Sisi yetu yalianza dakika ya kwanza.

Hoja iliyo nzito zaidi ni nyingine, nayo haituruhusu kulala. Mgonjwa aachaye dawa katikati hajidhuru peke yake. Vijidudu vilivyokutana na dawa bila kuuawa vyote, vile vilivyobaki huweza kuwa sugu, na usugu huo husafiri hewani kama ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu hupewa dawa kali zaidi. Tanzania ilipoanza kuwatibu wagonjwa hao mwaka 2009 walipelekwa Kibong'oto, na kwa mtu wa Ruvuma huko ni safari ya zaidi ya kilometa elfu moja, kukaa miezi mingi mbali na watu wake. Baadaye matibabu yalisogezwa mikoani. Basi yule baba alikuwa na wajibu kwa jirani zake, wala hatutaki kuuficha wajibu huo chini ya huruma.

Lakini tazameni ni nani wanaomdai. Kijiji kilichomtilia alama sahani yake, kikamwondolea mkewe, kikamsalimu kutoka ng'ambo ya njia, ndicho kilichokuja kumwambia, Meza dawa kwa ajili yetu. Kwa ajili ya nani? Wajibu ni kamba yenye ncha mbili. Watu walikuwa wameiacha ncha yao, nao wakastaajabu kwamba yeye haivuti yake. Siku ile tulipopata wazo hili lilitupendeza sana, tukadhani tumemwokoa mshtakiwa.

Tulipolifikiri tena tukaona halitoshi. Maana yuko mtu mmoja katika nyumba ile ambaye hakuiachia ncha yake hata siku moja, naye ni yule kijana aliyekuwa akimenya mihogo. Yeye alipoteza shule ili baba asibaki peke yake, naye alilala chumba kimoja na kikohozi kile. Kwake yeye baba alikuwa na deni ambalo kosa la kijiji halikulifuta. Baba mwenyewe alilijua. Baadaye alitueleza kwamba jambo hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, na kwamba kila alipomtazama mwanawe alijiona hafai, na kwa kujiona hafai akazidi kugeukia ukuta. Hivi ndivyo sonona ifanyavyo: hata upendo huugeuza kuwa shtaka, na shtaka halimpi mtu nguvu ya kusimama.

Basi wajibu upo, na aliyepaswa kuubeba hawezi. Twaona katika hali hiyo wajibu haufi, bali huhamia kwa walio karibu naye mpaka yeye aweze kuupokea tena. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawakumaanisha kumlazimisha, walimaanisha kwamba usingoje mgonjwa apate nia ya kula ndipo ukoke moto. Uji na upikwe, uletwe, na aliyeuleta aketi. Yule ndugu aliyesimama mlangoni kila asubuhi alikosa kitu kimoja tu, nacho ni kuketi.

Hata wakubwa wa afya wameliona jambo hili katika maneno yao. Kwa Kiingereza neno la zamani kwa wagonjwa hawa lilikuwa lile litumikalo kwa mtu asiyelipa deni lake. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliacha neno hilo katika hesabu zake, na sasa mtu kama huyo huandikwa kuwa amepotea katika kufuatiliwa. Tofauti si ndogo. Mtoro huulizwa, "Kwa nini ulikimbia?" Lakini mtu aliyepotea, wanaoulizwa ni wale waliokuwa naye: mlimwachia wapi?

Kuketi na mgonjwa nako ni kazi yenye ujuzi wake. Mjini Harare, katika Zimbabwe, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wazee kuketi juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye majonzi, kwa kuwa madaktari wa akili katika nchi ile walikuwa wachache mno. Washona wana neno lao kwa ugonjwa huu, maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa "mawazo" yetu. Bibi wale hawakuhubiri. Walimwuliza mtu shida zake, wakamsaidia kuchagua moja iliyo ndogo, na kutafuta naye la kufanya juma lile. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi yalitangazwa, yakaonyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kazi hiyo imefika hata Zanzibar.

Huku kwetu benchi halijafika, lakini kila mgonjwa amezaye dawa nyumbani ana msaidizi, na msaidizi ana mdomo. Pamoja na swali lake la "Umemeza?" aweza kuongeza maswali mawili ambayo waganga hutumia siku hizi: Je, katika majuma mawili haya umekuwa na moyo mzito siku nyingi? Je, mambo uliyoyapenda yamekuwa hayakupendezi tena? Akijibiwa ndiyo, na ampeleke habari mganga wa zahanati. Sonona ina tiba, ya mazungumzo na ya vidonge, illa vidonge vichaguliwe na daktari, kwa kuwa rifampisini huzipunguza nguvu dawa nyingine. Na mgonjwa akitamka neno la kutaka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, wala asikaripiwe, bali apelekwe hospitali siku ile ile.

Twarudi kwa yule baba. Sisi hatukumponya. Tulilofanya ni dogo: tulimwendea mzee mmoja, mpinzani wake wa zamani katika bao, tukamweleza kwamba chini ya mkorosho, penye upepo, akiketi kwa nafasi, hatari ni ndogo, na kwamba kikombe hakiambukizi. Mzee alitutazama kama mtu asiyetuamini sana. Kesho yake alichukua bao lake kichwani, akaenda. Juma la kwanza alicheza peke yake, mkono wa kuume ukishindana na wa kushoto, akiongea na kete kwa sauti na kufanya makosa ya makusudi. Siku ya tisa, mgonjwa, bila kuinuka mkekani, alisema, "Umekosea hapo." Mzee akajibu, "Basi njoo uonyeshe."

Mganga wa zahanati alimpima makohozi upya, akampeleka Songea kwa uchunguzi zaidi, na ikaonekana kwa bahati kwamba ugonjwa haujawa sugu. Alianza dawa tena mwezi wa Machi, na safari hii alizungumziwa pia habari ya mawazo yake, akatibiwa. Alimaliza mwezi wa Septemba. Shamba la mwaka ule lilipotea lote. Mkewe alirudi siku nyingi baadaye, nao hawajakaa kwa amani kabisa. Sahani ya alama nyekundu ingalipo katika nyumba ile. Siku moja tulikula humo mbaazi.

Kijana alirudi darasani mwishoni mwa Machi. Daftari la mwaka ule tunalo kabatini. Alama zake zingalimo, kwa kuwa ziliandikwa kwa wino na daftari la shule halifutwi. Ni alama ishirini na sita.